Siku ya Warumi

Jumamosi, 6 Januari 2024. Dundori

Rafiki yangu Sue alinipa hili daftari tukiagana pale saluni Free Area, Nakuru. Ati niandike humu nisije nikaanza kuongea na viazi. Nilimcheka. Lakini jana nilijikuta nikiambia gunia, "Wewe nawe umekula nini?" Sue ananijua vizuri sana.

Basi niandike. Mimi ni Naliaka, msusi, na tumbo linatembea mbele yangu. Lewis alinileta huku kwao baada ya Krismasi kwa sababu nyumba yetu ya kupanga ilikuwa ghorofa ya nne na miguu yangu imefura. Wazee wake hawajawahi kufika Bungoma kuniomba kwa wazazi wangu. Tumekaa tu pamoja, mwaka wa pili huu. Kwa hivyo hapa mimi ni nani, mke au mgeni? Hakuna aliyeniambia na mimi sijauliza, maana naogopa jibu.

Mama yake anaitwa Wangare. Namwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Lewis humwita Mathe, kwa lugha ya vijana. Hacheki, huyo. Nimejaribu vichekesho vyangu vyote vya saluni. Anakuangalia tu kama mtu anayesubiri umalize.

Jumanne, 9 Januari

Baridi ya kukata masikio. Tumeanza kuvuna. Mimi nimekalia ndoo niliyoipindua, nachagua: vikubwa vya sokoni huku, vya mbegu kule. Maitu ananitolea vilivyokatwa na jembe.

Ijumaa, 12 Januari

Kliniki. Nesi amehesabu, akasema nitarajie tarehe ishirini na tisa mwezi wa pili. Nikarudi nikicheka. Jikoni nikatangaza, "Maitu, mtoto wetu atakula keki mara moja kila miaka minne. Tumeokoa!"

Alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, kikamwagika, chai ikaenda mpaka ukingo wa meza, na yeye bado anamimina.

"Umesema tarehe ngapi?"

Nikarudia. Akauliza tena. Kisha akachukua kitambaa akapangusa meza muda mrefu, hata pale palipokuwa pakavu.

Jumapili, 14 Januari

Leo baada ya kanisa tulikuwa tunamenya viazi, redio imewashwa. Mtangazaji akaanza habari za mwaka mrefu. Ati dunia ikizunguka jua inabakisha karibu robo ya siku kila mwaka, robo nne zikakusanyika zikawa siku nzima, ndipo mtawala mmoja wa Roma akasema hiyo siku itiwe mwezi wa pili. Na ati makuhani wao waliokabidhiwa kuhesabu wakakosea, wakawa wanaiongeza mapema kuliko walivyoambiwa, mpaka mtawala mwingine akaja kurekebisha.

Maitu akasimamisha kisu. "Roma gani?"

"Hiyo hiyo ya kitambo," Lewis akasema. "Warumi."

"Warumi wa Biblia? Waliomsulubisha Bwana Yesu?"

"Si hao hao, Mathe. Hawa walikuwa kabla."

"Ni watu wa boma moja!" Akaweka kisu chini. "Kwa hivyo hii siku ni ya Warumi. Na mjukuu wangu ndiye anapelekwa huko."

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Mtangazaji naye hakunyamaza. Kuna Wagiriki mpaka leo hawapendi kufanya harusi mwaka mrefu. Na huko Ulaya kitambo, ati tarehe ishirini na tisa ndiyo siku mwanamke aliruhusiwa kumposa mwanamume, na mwanamume akikataa anamnunulia glavu, afiche kidole kisicho na pete. Lewis akaangalia viazi. Mimi pia nikaangalia viazi.

Niliona kama Maitu hakusikia ya glavu. Alikuwa anaongea pole pole, kama anayejiambia. "Themanini na nne, njaa. Tisini na mbili, tulichomewa nyumba Molo, tukaja huku na nguo za mwilini. Elfu mbili na nane, hiyo nyinyi wenyewe mnaijua. Halafu korona. Yote miaka mirefu. Na mnacheka."

Hapo kicheko kilinikauka. Elfu mbili na nane nilikuwa mtoto Free Area, na tulilala siku nyingi kwenye uwanja wa maonyesho tukisikiliza mji ukiungua kwa sababu ya uchaguzi. Sikujua ulikuwa mwaka mrefu. Natamani nisingejua.

Akazima redio.

Jumatano, 24 Januari

Viazi, viazi, viazi.

Jumamosi, 27 Januari

Lewis ameleta kalenda ya bure kutoka agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, ile yenye picha ya ng'ombe mnene. Aliyeichapisha alikuwa amelala: Februari inaishia ishirini na nane! Lewis akaitundika jikoni. "Mathe, ona, siku yenyewe haiko. Sasa ulale."

Mimi na yeye tukacheka tukagongana mikono. Maitu akaisogelea, akaiangalia, akatoka kwenda kukamua.

Ijumaa, 2 Februari

Siku imerudi. Leo asubuhi nimekuta mtu amechora kisanduku kwa biro nyekundu baada ya ishirini na nane. Ndani ameandika 29. Na juu ya 29 amechora msalaba, mnene, biro imepitishwa tena na tena mpaka karatasi imetoboka.

Nilimwita Lewis. "Huyu ni nani anamchorea mtoto wangu kaburi?"

"Ni Mathe. Achana naye, ana mambo yake."

Niachane naye vipi, na kalenda iko juu ya jiko ninapopika kila siku?

Jumanne, 6 Februari

Nimejaribu kupika nikiwa nimeipa mgongo. Nimechoma ugali.

Jumapili, 11 Februari

Kikuyu changu ni cha sokoni. Najua bei, salamu na matusi mawili. Lakini leo nimesikia ya kutosha.

Nilikuwa nyuma ya zizi nikianika matandiko. Ndani Maitu alikuwa anaongea na jirani yetu, Mama Micah, hawajui niko hapo. Nikasikia jina langu. Nikasikia "siku hiyo". Kisha nikasikia neno ambalo nalijua kwa sababu ndilo wanalotumia kwa viazi vilivyooza: atolewe. Atolewe hapa nyumbani kabla ya siku hiyo. Mama Micah akasema, "Na akikataa?" Maitu akasema kitu sikukielewa, lakini sauti haikuwa ya mtu anayetania.

Nimeketi kitandani saa nzima. Jamani, nimewakosea nini hawa watu? Kwamba mimi ni Mbukusu, si Mkikuyu? Kwamba hakuna mzee aliyefunga safari? Au kweli anaamini nikizaa hapa siku hiyo nitaleta moto mwingine kwenye boma lake?

Jumatano, 14 Februari

Watu wengine leo wamepewa maua. Mimi Lewis ameniletea soda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiikuna ile lebo ya chupa.

"Mathe anaonelea uende kwa Sue kidogo. Mpaka ujifungue."

"Anaonelea."

"Ni karibu na hospitali, beb."

"Na wewe unaonelea nini?"

Akakuna lebo. Huyu mwanaume anaweza kubeba gunia la viazi mgongoni akipanda mlima, lakini neno moja kwa mama yake linamshinda! Nikamwambia siendi popote. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni mchana, majirani wakiona, siyo kunisukuma kwa Sue kama mzigo. Alitoka bila kuchukua soda. Nimeinywa na kulia.

Jumapili, 18 Februari

Maitu ameniomba nimsuke. Nilishangaa, lakini mikono yangu ilikuwa na hamu ya nywele. Akaketi chini kwenye gunia, kichwa katikati ya magoti yangu. Nywele zake ni laini, nyeupe karibu zote, na kichwa chenyewe kidogo sana. Sikujua ana kichwa kidogo hivyo.

Akauliza bila kugeuka, "Anacheza?"

"Anacheza."

"Siku akiacha kucheza unaniambia. Hata kama ni usiku. Unasikia, Naliaka?"

Akanyoosha mkono nyuma aguse tumbo. Mimi nikaruka kama nimeguswa na sufuria ya moto. Sikukusudia. Mkono wake ukabaki hewani, kisha akaurudisha kwenye mapaja yake.

Alhamisi, 22 Februari

Mvua. Mwezi wa pili wote ulikuwa jua na vumbi, sasa mvua, viazi bado viko shambani. Nilikuwa natafuta debe chumbani kwa Maitu, nikaona begi langu la bluu chini ya kitanda chake. Begi langu! Nikavuta zipu kidogo. Juu kabisa kuna leso yangu na gauni langu la maua, vimekunjwa vizuri. Amenifungia virago.

Nimelirudisha kama lilivyokuwa. 

Jumapili, 25 Februari

Mvua. Barabara imekuwa uji. Sue amepiga simu akaniambia, "Siku yako inakuja, girl. Omba Lewis akuoe. Akikataa, glavu!" Sikumwambia la begi. Nikimwambia mtu litakuwa kweli.

Jumanne, 27 Februari

Lewis ameondoka na lori la viazi kwenda Nairobi kabla havijaoza. Atarudi Alhamisi. Amenibusu kwenye paji la uso, akasema nisiogope. Mtu anayekuambia usiogope halafu anaondoka, unamfanyaje?

Niseme ukweli, maana hapa hakuna mtu. Nimeanza kuiogopa hiyo siku yenyewe. Nilicheka, sasa naona ule msalaba hata nikifumba macho. Kama siku ilitiwa na watu, wakakosea kuihesabu, ikatolewa, ikarudishwa, basi ni ya nani? Nani anailinda? Nimemshika mtoto kwa mikono yote miwili, namwambia angoje. Akija tarehe ishirini na tisa, Maitu atanitoa nje na begi kwenye mvua. Akija tarehe moja, nitakuwa nimewashinda wote, Maitu na Warumi wake.

Jumatano, 28 Februari

Mvua. Kiuno kinauma. Ngoja, mama. Ngoja tu kidogo.

Ijumaa, 1 Machi. Hospitali, Nakuru

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Mshono unavuta nikikohoa.

Jana Alhamisi uchungu ulinishika kukipambazuka. Niliujua mara moja. Nikauma shuka, nikajiambia nitanyamaza, siku ni siku tu, itapita. Maitu alikuwa anakamua. Alipoleta chai nilisema nina homa ya kichwa, nikajifunika. Akasimama mlangoni kwa muda. Nikasikia miguu yake ikienda, ikirudi, ikienda.

Kisha chupa ya maji ikapasuka. Nilikunja shuka nikaisukuma chini ya kitanda asione, na mkono wangu ulipotoka ulikuwa na ukijani. Nesi alikuwa ametuambia kliniki: maji yakiwa na ukijani, kimbia. Mimi sikukimbia. Nililala pale nikihesabu masaa yaliyobaki mpaka tarehe moja. Nilimwogopa mama mkwe na kalenda ya agrovet kuliko nilivyoogopa kumpoteza mtoto. Naliandika ili nisilisahau.

Halafu nikagundua hachezi. Nilimgusa huku, nikamgusa kule. Nikambonyeza. Kimya.

Nilipiga kelele. Sikupanga. Nililia "Maitu!" na sijui nilimaanisha mama yupi.

Aliingia na matope mpaka magotini. Akaona shuka, akaona mkono wangu. Nikamwambia, "Naomba usinitoe leo, Maitu. Nitangoja mpaka kesho. Naweza kungoja."

Sijawahi kuona uso kama ule. Aliniinua kwa mabega.

"Kungoja?" akasema. "Nani amekwambia ungoje? Hakuna mtu atangoja tena katika hii nyumba! Amka!"

Akatoa lile begi la bluu, akaliweka begani, akanikokota mpaka barabarani kwenye mvua. Gari la maziwa lilikuwa linapanda kuelekea kwa jirani, likiteleza. Maitu akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Dereva, kijana anaitwa Khaemba, alifunga breki gari likaenda upande, akatoa kichwa dirishani: "Mathe, unataka kufa?"

"Geuza gari."

"Nina maziwa ya watu huku nyuma!"

"Mwaga!"

Khaemba akaniona. Akaniita dada kwa lugha ya kwetu, akashuka kunibeba, na gari likageuka.

Mbele kulikuwa na magunia ya chakula cha ng'ombe, kwa hivyo tulikaa nyuma, mimi na Maitu, katikati ya mikebe ya maziwa, turubai juu yetu. Alinikalisha mapajani kama mtoto. Njia nzima aliongea sikioni mwangu, kwa Kiswahili, niyaelewe yote.

"Themanini na nne. Mimi pia nilishikwa tarehe hiyo. Asubuhi kama wewe. Mama mkwe wangu akasema hii siku haina mwenyewe, mtoto hawezi kuzaliwa siku isiyo na mwenyewe. Akaniambia nibane. Akanikalia mlangoni. Nilibana, Naliaka. Nilikuwa msichana, nilifanya nilivyoambiwa. Msichana wangu akazaliwa tarehe moja, vile walitaka. Alikuwa amekufa." Gari likaruka, akanishika zaidi. "Nikakaa miaka nikisema ni siku. Ni siku mbaya, ni miaka mibaya. Niliona afadhali iwe siku, siyo mama mkwe. Siku huwezi kukutana nayo mezani kila asubuhi ikikuomba chai."

"Lakini msalaba," nikasema. "Ulimchorea msalaba."

"Msalaba gani?"

"Kwenye kalenda."

Akajipangusa mvua usoni. "Ni ule wa hospitali," akasema. "Mwekundu, kama wa kwenye ambulensi. Ili Lewis asisahau siku hiyo uwe hospitali. Nilimwambia akupeleke mapema kwa Sue. Ukakataa, nikakupangia begi niwe tayari." Kisha akaelewa. "Ngai. Ulifikiri nini, mtoto wangu? Ulifikiri nini mwezi mzima?"

Nilificha uso kifuani mwake. Uchungu ulikuja na sikumbuki njia iliyobaki, ila harufu ya maziwa na yeye akisema, "Asizaliwe kesho, Mungu, azaliwe leo. Azaliwe leo."

Hospitalini walinikimbiza thieta, wakanipasua. Walisema mtoto amechoka. Nilipozinduka niliuliza kabla sijafungua macho, na hakuna aliyejibu haraka, na hiyo ndiyo hofu mbaya kuliko zote, nisiulizwe tena nieleze. Kumbe nesi alikuwa anavua glavu. Akasema ni msichana, alikawia kulia, wakamsugua, wakampa hewa, akakohoa, akalia. Anapumua vizuri. Amezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari, adhuhuri.

Jana hiyo hiyo jioni, saa ya kuona wagonjwa, Maitu aliingia. Bado ana matope. Kichwani bado ana mistari niliyomsuka. Lewis alikuwa hajafika, simu yake inasema yuko Naivasha kwenye msongamano. Maitu akafungua begi la bluu. Chini ya leso na gauni langu, pale ambapo sikutazama, kulikuwa na shali mpya nyeupe, nepi, na soksi ndogo za sufu alizofuma mwenyewe. Akamfunga mtoto. Nikashika mkono wake nikauweka tumboni mwangu, pale nilipomnyima nafasi ya kugusa. Nililia nikamwomba msamaha. Akasema tunyamaze sote wawili, mshono utafunguka.

Kisha akasimama wima kando ya kitanda, akashika mikono mbele kama wanavyosimama wakisoma matangazo kanisani.

"Yule wa redio alisema leo mwanamke anaruhusiwa kuomba."

Nikafikiri ni dawa zinanisikilizisha mambo.

"Lewis ni mwoga, alichukua kwa babake. Tukimngoja tutafika mwaka mrefu mwingine. Wazee nitawapeleka Bungoma mimi mwenyewe, hata kwa gari la maziwa. Lakini leo, mimi Wangare, nakuomba wewe Naliaka. Ukae kwetu. Uwe wetu." Akaninyooshea shuka. "Na ukikataa, hizo glavu nitanunua."

Jamani, alitania! Maitu! Nilitaka kucheka, mshono ukanikata, nikalia badala yake, na nilikuwa bado natafuta sauti wakati nesi alipokuja na kile kikanda cha mkononi cha mtoto. Maitu akageuka haraka kuelekea dirishani, akijipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

Kwao msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Hilo najua hata kwa Kikuyu changu cha sokoni. Nikavuta pumzi, nikajibu kwa nguvu ili nesi asikie.

"Wangare."

Na kule dirishani, mgongo ukiwa bado kwetu, Maitu akaitikia upesi: "Niko hapa."